Swali Nililomwachia Shemeji

Alhamisi, saa nne asubuhi. Jua limeshaanza kuuma, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nimekaa kwenye benchi la hospitali na daftari langu la maandalio ya masomo. Naandika kurasa za nyuma, za mbele ni za darasa la tatu.

Nina hasira leo. Nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Mume wangu, Baba Kulwa, yuko sakafuni mbele yangu, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe. Anaimba nyimbo zake za bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, na sauti imeshakauka. Aliyemfunga ni kaka yake mkubwa, Shija, huyu aliyekaa kulia kwangu akinuka ugoro. Alimkandamiza goti mgongoni kama anafunga mzigo wa pamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakaza fundo.

Wiki sita zilizopita tulikaa benchi hilihili, na kamba haikuhitajika. Baba Kulwa alikuwa amelala miezi miwili, uso ukutani, haogi, hali mpaka nimlazimishe, akiona jembe analia. Kijijini walisema ni mvivu. Baadaye wakasema nimemloga, maana mwalimu wa kutoka Chato hakosi mambo yake. Mama mkwe akakataa ugali wangu. Na mimi, niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, nilimchukia. Asubuhi moja nilimwambia mbele ya watoto kwamba hata maiti ina faida kumzidi yeye, msibani watu huleta unga.

Daktari alimpima presha, akamtoa damu, akamtazama macho. Halafu akaweka kalamu chini, akatuambia ugonjwa wenyewe hauonekani kwenye damu. Mtu aliyelala hivi, alisema, anaweza kuwa na ugonjwa wa huzuni tu, au ule wa pande mbili, wa kushuka na kupanda, na akiwa ameshuka huwezi kuutofautisha kwa macho. Vidonge vya huzuni vikimwingia mwenye ule wa pande mbili vinaweza kumpandisha vibaya. Kwa hiyo akaniuliza mimi.

"Mama, kuna wakati alikuwa kinyume cha hivi? Halali, anaongea bila kikomo, anafanya mambo makubwa makubwa?"

Kuna wakati? Jamani.

Msimu uliotangulia alilima ekari tano karibu peke yake, usiku na mchana, wiki mbili hajui kitanda. Redio yetu alimpa mpita njia. Akachimba shimo nyuma ya choo akisema dhahabu ya machimbo ya Nyarugusu inapita chini ya nyumba yetu, na majirani badala ya kumshika wakaja na sururu zao. Nilipouliza habari za redio alinipiga jino likatoka. Pamba ilipopimwa akapewa hati ya mkulima bora, iko ukutani na fremu yake. Kijiji kizima kilimbeba juu. Na mimi nilipiga vigelegele, pengo nje.

Shija alinitangulia kujibu. Alisema hapana, kabla ya haya ndugu yake alikuwa mzima kabisa, hata hati anayo.

Baba Kulwa hakuwa amemtazama mtu usoni tangu mvua za kwanza. Hapo aliinua kichwa, akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme.

Nikatazama dirisha.

Nilitaka yule wa hati arudi. Kulikuwa na shamba la kupanda. Sababu ni hiyo tu, wala si heshima kwa shemeji.

Daktari akamwandikia vidonge vya huzuni. Wiki ya tatu akaamka, Shija akachinja mbuzi. Wiki ya tano akaacha kulala. Juzi aliingia shambani alfajiri, akaanza kulima juu ya pamba iliyokwisha kuota, mstari baada ya mstari. Wenzake wa ngoma walimpigia makofi mpaka walipoona anachong'oa. Wakampiga na mipini ya majembe, haohao waliombeba.

Jana nilimnywesha uji akiwa kwenye kamba. Akaacha kuimba, akasema taratibu kabisa, "Mama Kulwa, siku ile ulikuwa unajua." Halafu akarudi kuimba.

Njiani Shija amenifundisha cha kusema: imeanza juzi, ghafla, labda ni vidonge, labda ni watu. Ndugu yake akiandikwa wazimu, nani atakuja kuoa kwetu? Na ile hati itundikwe wapi? Nikisema vingine, nisirudi kwenye mji wao. Anaweza kunifukuza, na watoto wakabaki kwake. Na daktari naye atajua kwamba nilimwacha mume wangu ameze vile vidonge huku najua.

Nesi ametoka, anaita jina letu. Shija amewahi kusimama, anajifuta ugoro puani.

"Wewe kaa, shemeji," nimemwambia.

Miaka kumi ya ndoa sijawahi kumwambia neno kama hilo. Amenikodolea macho kwanza, kisha amekaa. Naandika haraka, hata mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Naingia. Nitaanza na jino.