Jina Nililolitaja Ofisini

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Zuhair,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Maskati? Samah na mtoto wazima? Mimi kifua kimenilaza. Daktari hanifichi tena, wala sitaki kufichwa.

Nasikia waja mwezi ujao, na umeapa kuwa Kalama hataiona Idi. Nisome hadi mwisho kwanza.

Wajua jumuiya yetu ilikuwa ikikusanya maoni ya wananchi kuhusu maji ya serikali, kisha tukiwasomea wakubwa. Watu walitwambia ya moyoni kwa ahadi moja: jina halitajwi. Marehemu ndugu yako Amir alipita nyumba kwa nyumba pamoja na Kalama. Naye Amir akatoa maoni yake: kuna genge linalofunga mabomba ya umma ili liuze maji kwa mikokoteni.

Nilikwenda kuyasoma ofisini peke yangu, kama mwenyekiti. Ofisa mmoja akacheka, akasema maneno ya vibarazani hayana mwenyewe. Nikaona ametutukana. Kwetu neno husimama kwa nyumba lilikotoka, nami nikamjibu: "Hili lina mwenyewe. Ni Amir, mtoto wa kaka yangu, na nyumba yetu haizai waongo."

Alasiri ya siku ya pili walikuja wanne wa genge lile. Walimkata mkono aliojikingia, kisha shingo, kizingitini pangu. Mmoja alikuwa akimwambia, "Haya, toa maoni." Damu iliingia hadi chini ya jamvi.

Wale wanne wamefungwa. Lakini watu walitaka na msaliti, wakamwona Kalama, maana maneno ya Amir aliyajua yeye. Vijana wetu walimpiga nondo hadi jicho likatoka. Nilimsikia akiniita nimtetee. Nikafunga dirisha.

Juzi nilimwita, yeye niliyemsomesha utotoni, nikamweleza yote. Akasema, "Mwalimu, mwandikie Zuhair upesi. Hili jicho lililobaki bado nalitumia."

Basi mwanangu, ukija na hasira zako, mlango wangu nimeagiza usikomewe. Ukikuta nimezikwa, usimtafute mwingine. Ulimi uliomtoa Amir ulikuwa wangu.

Nisalimie Samah, na Hadeel umbusu. Kalama naye akusalimu. Ameniomba nisiache kuandika hilo.

Mola aupoze moyo wako, akulinde na mkono wako mwenyewe.

Wako akupendaye, hata usiponipenda tena,
Shangazi Mahfoudha