Kengele Mguuni mwa Baba

Baba, shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana ulinilea nisianze neno kabla ya salamu.

Ni mimi Kabula. Siku zako za mwisho uliniita mayu, ukidhani mimi ndiye mama aliyekuzaa, nami niliitika kwa sababu nikiitika ulikuwa unacheka.

Tangu tukuzike mvua zimenyesha, mtama umekomaa, na hasira yangu haijapungua hata kidogo. Watu wa kanisani wananiambia nimwachie Mungu. Nimewajibu kwamba Mungu atapata zamu yake nikishamaliza mimi.

Unajua nilikupeleka yale makao ya wazee nilipolazwa kupasuliwa. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa ulikuwa hutulii, kila siku unarudi kwenye mji wetu wa zamani kutafuta ng'ombe tuliokwisha kuwauza. Msimamizi wa makao alikuwa Luhende, mtoto wa kijiji hiki hiki, uliyemfundisha wewe kukamua. Nikajisemea, baba yuko kwa mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani!

Mama Shija, mpishi wa pale, ndiye aliyenieleza yote huku akilia. Luhende alichoka kukufuata. Badala ya kutengeneza lango, au kukupa mtu wa kutembea nawe, alikufunga mguuni kengele, ile tunayomfunga ng'ombe mtoro. Kisha wakakaa kivulini na wenzake wakicheza bao. "Inalia, mzee yupo." Ndivyo alivyokuwa akisema.

Kumbe nawe uliisikia. Mfugaji kama wewe usikie kengele ya ng'ombe halafu ukae? Uliinuka kumfuata huyo ng'ombe. Ukitembea, inalia. Ukisimama, kimya, ukadhani amejificha vichakani. Ukawaambia wazee wenzako, "Yuko hapo mbele, ngojeni nimlete." Ukamfuata mpaka lamboni, ukaingia kwenye matope. Wale wacheza bao waliisikia kengele ikienda mbali, na hakuna aliyeinuka. Iliponyamaza ndipo walipoinuka.

Baba, ngoja nipumzike kidogo. 

Nilikwenda kwa banamhala, wazee wetu wa kijiji, nikasema yote mbele ya Luhende mwenyewe. Hakukana. Makao walikuwa wamekwisha kumfukuza, wazee nao wakamtenga kama desturi ilivyo: hapewi moto, haazimwi jembe, hakuna anayekanyaga kwake, mpaka mimi nitamke kwamba yamekwisha. Nilifurahi, sikufichi. Mkewe alipita akiomba kaa la moto, akarudi na kigae kitupu, nami nikaendelea kupepeta mtama wangu.

Wiki iliyopita Luhende alikuja na mbuzi, akapiga magoti uani kwangu. Mama yake ameanza kupotewa na akili. Anatoka na mtungi kwenda kwenye kisima kilichokwisha kufukiwa, halafu hajui njia ya kurudi, na hakuna jirani wa kumrudisha kwa sababu mji wao umetengwa. "Mama Masanja, nifungulie," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Mama yangu atafia porini."

Mkuki kwa nguruwe, Baba! Nilimwacha pale pale magotini jua likimchoma, nami nikautafuna utamu wake. Lakini Mama Luhende hakumfunga mtu kengele. Nikisema hapana, anakufa yeye, na mwanawe anapata cha kulilia.

Nikamwambia, "Mbuzi rudi naye. Wewe hufunguliwi. Mama yako mlete hapa."

Yuko kwangu sasa. Asubuhi namshika mkono tunakwenda mpaka kisimani kwake, anainama, anachota hewa, anajitwisha, tunarudi tukizungumza. Anakula uji wa maziwa. Lango nimelitengeneza, halikunichukua hata siku nzima. Luhende namruhusu kuja kumwona. Anasimama uani, anatazama, nami namtazama anavyotazama. Wanaonisifu kwa huruma wananikosea. Nataka aone kwamba iliwezekana, tena kwa kazi ndogo tu, na nataka imuume kila anapokuja.

Lala, Baba. Ng'ombe wote wamerudi, usiinuke tena. Nakuahidi mama yake hatapotea mikononi mwangu. Atakufa kwa uzee, kitandani, ameshikwa mkono, na siku hiyo nitamwita Luhende aje aone jinsi inavyofanywa.

Mwanao,
Kabula