Siku Shoka Lilipoingia Mlangoni kwa Mjomba

New London, Konektikati,
4 Septemba, 1765.

Mpendwa dada Ketura,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko Bristol? Na shemeji, kikohozi kimempungua? Sisi miili ni mizima, ila nyumba haina amani.

Bila shaka mmesikia habari za kodi ya stempu. Kuanzia Novemba kila karatasi huku makoloni, iwe gazeti, hati ya shamba, hata karata za kuchezea, lazima iwe na muhuri wa kulipiwa. Eti ni gharama za vita na Wafaransa. Mjomba Obadia akakubali kuwa muuzaji wa stempu hizo hapa mjini. Tulimwonya, akatucheka: "Nyie mnaogopa karatasi?"

Alhamisi iliyopita jioni nilikuwa kwake, namsaidia kumenya matufaha. Tukasikia kelele. Wanaume wengi, nyuso zimepakwa masizi, wamebeba sanamu ya majani makavu, mfano wa Mjomba, iliyotiwa kitanzi. Aliyetangulia na shoka alikuwa na mguu wa mti.

Dada, nilimtambua kwa mguu huo. Alikuwa mume wangu, Asaheli! Huyu huyu asiyegusa chakula kabla ya kumwombea mfalme.

Shoka likaingia mlangoni. Mjomba akatoa kichwa dirishani.

"Asaheli! Hata wewe, mkwe wangu?"

"Apa kwamba umeiacha kazi hiyo, Mjomba, nasi tutaondoka."

"Kodi si yangu, ni ya mfalme!"

"Mfalme nilimpa mguu kule Kanada, vitani na Wafaransa. Sasa anataka nini tena, huu uliobaki?"

Mjomba akaapa huku analia. Asaheli akawageukia wenzake: "Basi jamani, yametosha, twendeni." Nani amsikilize? Walivunja vioo, wakapasua mito mpaka barabara ikawa nyeupe kwa manyoya. Watu ambao watoto wao niliwapokea kwa mikono yangu wakizaliwa! Asaheli alipojaribu kuwazuia walimsukuma, akaanguka. Aliyemwinua ni Mjomba.

Sasa Mjomba analala kwetu. Jana Asaheli alimwambia, "Mlango nitautengeneza." Akajibiwa, "Wa kufungia nini?"

Wiki ijayo Mjomba anapanda meli kuja kwenu. Mpokee, tafadhali. Kila anayemuuliza anamjibu kwamba anarudi nyumbani. Ketura, Mjomba alizaliwa hapa hapa. Uingereza hajaiona hata siku moja.

Nisalimie shemeji na mwanao Filemoni. Mungu awafunike, na sisi asituache.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Mehetabeli