Masanduku ya Kwenda na Kurudi

Jumatatu, 9 Desemba 2013

Nimefagia uwanja. Nimemwagilia bamia. Nimegombana na Meri. Siku kama nyingine.

Meri ni mke wa mwanangu Lado. Amekulia Nairobi, anajua kila kitu. Anataka tununue sanduku moja kubwa la watu wote wanne. Nimekataa. Kila mtu na lake, hata mjukuu wangu Keji, miaka sita.

Tunaenda kwa dada yangu Poni, Kawangware huko Nairobi, kula Krismasi. Kwa ndege. Tikiti ni za Kiingereza, na mimi herufi nilifundishwa kanisani nikiwa na mvi tayari, tena za Kiswahili tu. Lado akanisomea. Tarehe ishirini kwenda, tarehe tano Januari kurudi. Nikamwambia asome tena hapo pa kurudi.

Jumatano, 11 Desemba

Soko la Konyokonyo. Jua kali, miguu imevimba. Muuza masanduku Mganda akaniambia, "Mama, hii iko nguvu, hata tembo inakalia." Nikamwambia alete tembo.

Nimefungua zipu zote za kibanda kile. Nimevuta, nimepiga ngumi, nimenusa. Kijana akachoka, mimi sikuchoka. Maisha yangu yote sijawahi kuchagua mfuko wa safari. Nimechukua dogo, jekundu, la magurudumu. Meri akacheka, eti la mtoto. Nikamwambia anayebeba kikubwa anahama.

Tumeyapima kwenye mizani ya muuza dura, mtama wetu. Langu jepesi kuliko yote. Nimefurahi kama bibi harusi.

Ijumaa, 13 Desemba

Tumeshafunga, bado wiki nzima. Sanduku langu lina gauni la kanisani, kitenge kipya, simsim ya Poni, ule ufuta anaoupenda. Hakuna kitu cha jikoni. Kwetu mtu akibeba sufuria, jua amehama. Anayetembea huacha sufuria mekoni.

Jioni nimekaa nikilitazama. Nimekumbuka mizigo mingine. Mara ya kwanza kukimbia vita nilibeba Lado mgongoni na mkeka kichwani hadi mpaka wa Uganda. Sanduku la mbao alilonichongea marehemu mume wangu nililiacha Yei, lina shuka zangu zote za harusi. Nilizidarizi mwenyewe, ndege na maua. Bado naziona mshono kwa mshono. Mara ya pili, kwenda Kenya, lori la mahindi, gunia moja. Tuliporudi kutoka Kenya, godoro juu ya basi, mimi naimba njia nzima, dereva akaniomba ninyamaze.

Na ile siku nchi yetu ilipopata uhuru, mwaka juzi. Nilicheza mpaka viatu vikapasuka. Nilisema sasa miguu yangu imepumzika kukimbia. Niliamini kabisa.

Jumatatu, 16 Desemba

Risasi tangu jana usiku, askari wetu wanapigana wao kwa wao. Vishindo vikubwa, bati linatetemeka. Tuko chini ya kitanda, mimi, Meri na mtoto. Lado ni nesi, yuko zamu kliniki, simu haishiki.

Keji ameuliza kama likizo bado ipo. Nikasema ipo.

Nina hasira kuliko woga.

Jumanne, 17 Desemba

Nyumba tatu za jirani zimevunjwa. Wenye bunduki wanachukua kila kitu. Mchana kukatulia kidogo, Meri na mtoto wakapitiwa na usingizi. Nikafanya kama alivyofanya mama yangu zamani askari walipokuja. Yeye alifukia cherehani yake. Mimi nimefukia masanduku. Yote manne, ndani ya turubai, kwenye shimo la takataka nyuma ya choo. Juu udongo, majivu, maganda.

Meri ameamka, hakuyaona. Pasipoti zote zilikuwa ndani ya lake. Anadhani tumeibiwa tukiwa tumelala. Analia mpaka sasa.

Sijasema. Anayefukia hasemi. Mama yangu alitufundisha hivyo: anayejua ndiye anayepigwa mpaka aonyeshe. Wacha Meri alie, machozi hayavunji mbavu.

Lakini ni vigumu. Amelala kifuani kwangu kama mwanangu wa kumzaa.

Jumatano, 18 Desemba

Lado amekuja kwa miguu. Damu ya watu wengine mpaka kwenye kiwiko. Nilimvua shati, nikamwosha kama mtoto, hakukataa.

Anasema ndege zimeanza tena. Ijumaa gari la kliniki litatupeleka uwanja wa ndege. Meri akamwambia pasipoti zimeibiwa, yote yameisha.

Basi nikawapeleka nyuma ya choo.

Meri akasimama pale. "Mama, siku nzima unaniangalia nikilia?"

"Nilikuangalia," nikasema. "Na hujapigwa."

Meri akapiga magoti akafukua kwa mikono. Masanduku mazima, yananuka maganda ya vitunguu. Hajaniongelesha tangu hapo. Ana haki. Ningefanya tena.

Alhamisi, 19 Desemba

Lado haendi. Majeruhi wamejaa, wanalala kwenye saruji.

Meri amefungua sanduku la mumewe, anatoa nguo zake ili ajaze vyeti, picha, blanketi, sufuria. Nikamnyang'anya sufuria. Nikasema tunaenda likizo. Nikapiga kelele, kusema kweli. Mimi si mkimbizi tena, nimemaliza hiyo kazi.

Lado akanishika mkono. "Mama, nendeni tu. Safari mtaipa jina huko huko."

Nimemwachia Meri vyeti na picha, aweke kwenye lake. Nguo za Lado nimezikunja upya, nimefunga sanduku, nimeliweka kitandani kwake. Siku akipata nafasi asihangaike kufunga.

Ijumaa, 20 Desemba

Uwanja wa ndege umejaa magodoro, mabeseni, kuku. Watu wamelala kwenye vumbi tangu juzi. Sisi tunapita na masanduku mapya, magurudumu yanalia. Wakatutazama. Niliona aibu, nikalibeba langu kichwani.

Mama mmoja hakuwa na chochote, mtoto uchi. Nikafungua sanduku pale pale, nikamfunga mtoto kwa kitenge kipya. Meri akatoa maziwa ya unga. Ndipo akaniita Mama tena.

Ndege ikapanda. Nilitafuta bati letu, sikulipata.

Nairobi ofisa wa pasipoti akauliza tunakuja kukaa au kutembea. Meri alitaka kueleza. Nikamtangulia. "Kutembea."

Akapiga muhuri.

Jumapili, 5 Januari 2014

Leo siku ya kurudi. Ndege imeondoka bila sisi.

Lado alipiga simu asubuhi. Amekonda, nimesikia kwenye sauti. Anasema bado. Sikumuuliza lini.

Poni amepata nafasi ya Keji kwenye shule ya jirani. Mwalimu aliuliza ni kwa muda gani, Meri akaniangalia, nikasema muhula huu.

Mchana nikaenda na Keji kununua begi la shule. Yalining'inia mengi. Nikamwacha achague. Akafungua zipu moja moja, akapiga ngumi, akanusa. Muuzaji akacheka, akauliza nani kamfundisha.

Akachukua la bluu. Amelivaa mgongoni njia nzima, tupu, akitembea mbele yangu.