Jina la Mama Katika Makanisa Matatu

Sitalike,
Novemba 1995

Kaka Machibya,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, pamoja na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua tu, nisikudanganye kwamba hatujambo. Mvua bado, na mama tumeshamzika. Ulipelekewa habari kwa redio ya misheni, ukajibu huna nauli. Basi nikueleze ilivyokuwa.

Unakumbuka ulipokuja kiangazi, baada ya kumzika mwanao Minza, ulikuta bibi wawili wameshakatwa mapanga hapa kwa kuitwa wachawi. Ulipoondoka, Padri Anselmo, Mchungaji Yotham wa Moraviani na mzee wetu wa kanisa, Ezekia, wakakaa pamoja. Ajabu, maana hao hata msibani walikuwa hawapokezani sala. Wakaunda kamati ya haki na amani. Mama alicheka, akasema kumbe mpaka vikongwe wafe ndipo wakubwa wasalimiane.

Kamati ikapanga jambo ililodhani ni jema: Jumapili moja, makanisa yote matatu yawaombee kwa majina akina mama wanaonong'onwa, ili wabaya waone haya. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Mzee Ezekia akatangaza tumwombee Mama Machibya. Kwa Wakatoliki hivyo hivyo, kwa Wamoraviani hivyo hivyo. Jamani! Waliokuwa hawajasikia wakasikia, tena kutoka madhabahuni. Watu wakasema lisemwalo lipo.

Toka siku hiyo kisimani walimpisha, na si kwa heshima. Jirani yetu Eufrazia, tuliyekuwa tukitwanga naye kinu kimoja, akaja kuchukua mchi wake. Mama akawa ananiuliza amekosa nini. Macho mekundu wanayoyaita ya kichawi ni ya moshi wa mavi ya ng'ombe tunayopikia, na mimi yangu yanaelekea huko huko. Kamati ilipoona ilichofanya ilikuja yote nyumbani, Mchungaji Yotham analia kama mtoto. Wakakubaliana mama ahamie Kawajense kwa masista. Gari lilikuwa lije Alhamisi. Wenye mapanga walimwahi Jumatano jioni, anakamua ng'ombe.

Makanisa yote matatu yalimzika, wakipokezana jembe na sala. Nilitamani kuwafukuza wote, lakini nani mwingine angemzika? Ndugu zetu walisimama mbali.

Sasa neno lenyewe, kaka. Sungusungu wamemkamata kijana mmoja. Zizini kwake yumo ndama mweusi mwenye sikio jeupe, yule ambaye mama alikupa ukauze upate nauli ya kurudi. Kijana ameiambia kamati kwamba ulimpa wewe, ulipotoka kwa mganga aliyekuambia mama ndiye aliyemla Minza. Anasema alisita miezi yote hiyo, ila jina lilipotajwa makanisani akajua hata Mungu ameafiki. Nilimwita mwongo. Nikaenda zizini, nikamwita ndama nilivyozoea kumwita, akanifuata.

Kamati walitaka jina lako nalo lisomwe Jumapili. Nikawaambia lilishasomwa mara tatu, Mama Machibya. Polisi Mpanda nimekwenda mwenyewe, nimesema ninachokijua. Njoo kwa miguu yako kabla hawajakufuata.

Mama hakufa papo hapo. Aliniuliza kama wewe uko salama, akaniagiza nikuandikie usije, maana waliomkata yeye wangekukata na wewe. Hilo ndilo neno lake la mwisho, nami nimelifikisha. Msalabani nimeandika Nyanzala, jina alilopewa na wazazi wake. Lako sikulitaka pale.

Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie bibi yao aliwapenda. Ile shikamoo ya pale juu nimeiandika kwa sababu mama ndiye aliyenifundisha kukuamkia. Ni ya mwisho.

Kabula