Doa Lililofika Ukingoni

Zombo, Kilosa
9 Juni 1975

Mpenzi Filipo,

Salamu kutoka kijiji chetu kipya cha Ujamaa. Mahindi tumevuna yale tuliyoachiwa na tembo wa Mikumi, na mama bado anakusifu kuliko mimi mwanawe.

Kati ya zile almasi mbili ulizoniletea nichague moja, nilichagua kama ulivyonifundisha, wewe fundi wa kuzikata huko Iringa. Yenye ufa uliofika ukingoni niliikataa, maana ulisema ikigongwa kidogo tu inapasuka. Nikachukua yenye doa jeusi katikati. "Doa la ndani kabisa halidhuru," ulisema.

Filipo, doa lako linatembea! Pasaka lilikuwa katikati, Pentekoste likawa limesogea. Usiniambie ni macho yangu. Nimelipima kwa uzi. Na tangu lianze kusogea, hujaniandikia hata mstari mmoja.

Leo asubuhi limegusa ukingo. Nilikuwa nimelishika jiwe huku nakuandikia, mlango ukagongwa. "Hodi!" Sauti yako kabisa. Jiwe likapasuka kiganjani mwangu, na doa halimo katika kipande chochote. Nikachungulia dirishani: hakuna mtu, wala nyayo kwenye uwanja niliofagia.

Hodi ya pili, nimenyamaza. Unajua kwetu asiyejibiwa hodi tatu huondoka zake.

Ya tatu imepigwa sasa hivi. Mama ameitikia kwa furaha kutoka jikoni:

"Karibu, mwanangu Filipo! Ingia ndani!"

Nasikia mlango unafunguka. Nijibu upesi kwamba uko Iringa.

Wako,
Tabea