Sura Ambayo Nkambo Wako Hakuitambua

Mujukuu wangu Furaha,

Barua yako nimeipata. Mama yako anakusalimia. Mvua imeozesha mihogo, magoti yangu yamechoka, lakini tuko.

Unasema mashine ya sumaku ya hospitali mnayofanyia kazi inapiga picha ya ubongo wa muntu aliye hai, nawe unauliza ingeonyesha nini kwa mume wangu, nkambo wako. Wakati ule wa Zaire, hapa Kalemie, hatukuwa na kitu kama hicho.

Mbao ilimwangukia kichwani bandarini. Alipozinduka hospitalini, alizungumza vizuri na kula vizuri. Mimi nikaingia na uji, nikauweka mezani kabla ya kumsalimia. Akamuuliza muuguzi, "Mama huyu ni nani?"

Siku tatu nilimpelekea chakula bila kutamka neno, kwa uchungu. Dada zake walisema amenichoka. Siku ya nne nikafunga nguo zangu nirudi kwetu Nyunzu, nikapita kumuaga.

"Papa Kasongo, miye naenda."

Akageuka, akanishika mkono. "Mama Amisi! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Sauti yangu aliijua. Sura ndizo zilizompotea, hata yake kwenye kioo, na hazikurudi mpaka alipokufa. Tuliishi hivyo.

Nadhani mashine yako ingeonyesha kidonda ndani ya ubongo wake, pale panapotambua sura. Nami ningejua tangu siku ya kwanza kwamba moyo wake haukunikataa. Ukimkuta mke wa mugonjwa anangoja nje ya mlango wenu, usimcheleweshee jibu.

Mkono umechoka. Mungu akulinde huko uliko.

Nkambo wako, Mama Amisi